Masta haifuti GPA ya digrii ya kwanza, na mengine nayoyasikia kila msimu wa udahili

Jumanne iliyopita kijana mmoja aliingia ofisini na bahasha ya kaki, akakaa, akatoa transkripti mbili akazipanga mezani, ya masta juu na ya digrii ya kwanza chini yake, tena ile ya chini kaikunja katikati. Ya masta ilikuwa GPA, yani wastani wa alama, ya 4.4 kati ya 5, safi kabisa. Nikaivuta ile iliyokunjwa nikaifungua, 3.2. Akaniambia kwa furaha, "Madam, GPA nimeshaipandisha, naomba unisaidie barua ya kuomba uhadhiri msaidizi." Nikanyamaza kwanza, maana nilijua nachotakiwa kumwambia na nilijua pia kwamba ada ya hiyo masta imelipwa na kiwanja cha mama yake cha Chanika.

Huyo ni wa nne mwaka huu. Wa nne! Ndo maana nimekaa leo kuandika, nimechoka kuwaambia watu hii habari wakati hela na miaka miwili vimeshaenda.

Sikilizeni. Kupandisha GPA kwa kusoma masta hakupo. GPA ya digrii ya kwanza inakokotolewa kwa kozi za digrii ya kwanza tu, seneti ya chuo ikishapitisha matokeo yako ile namba imefungwa, hakuna kozi utakayosoma baadaye popote duniani itakayoingia kwenye ile hesabu. Masta inaanza na karatasi yake, GPA yake na cheti chake. Hakuna mwajiri anayezijumlisha akagawa kwa mbili. Zote mbili utatembea nazo mpaka unastaafu, na mwajiri akitaka kuziona zote ataziona zote.

Mi naamini hii imani inatoka sekondari. Form four ukiangukia pua kwenye hesabu unarisiti, unakaa kama mtahiniwa wa kujitegemea, unapata matokeo mapya na maisha yanaendelea, sasa mtu anabeba akili hiyohiyo anaingia nayo chuo. Alafu kuna wale wanaofariji. Mwanafunzi yuko mwaka wa pili GPA inayumba, anakwenda kwa mjomba au kwa mtu wa idara anaambiwa "usijali utarekebisha kwenye masta". Hayo ni maneno ya huruma lakini yana gharama kubwa sana kwa anayeyaamini.

Tuangalie tangazo lenyewe la kazi. Vyuo vikuu vya umma hapa Tanzania vina muundo mmoja wa utumishi kwa wanataaluma. Anayeingia kama TA (tutorial assistant, ngazi ya chini kabisa ya kufundisha chuo) anaingia na digrii ya kwanza, GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Anayeingia kama Mhadhiri Msaidizi anatakiwa awe na masta yenye GPA isiyopungua 4.0, NA digrii ya kwanza isiyopungua 3.8. Hilo "na" ndo watu wanaliruka. Wanaona masta 4.0, wanasema mimi nina 4.4 nimepita, hawamalizi sentensi. Kuna fani chache matangazo yanashusha kidogo kiwango cha digrii ya kwanza kwa sababu watu wake hawapatikani kirahisi, kwa hiyo soma tangazo la fani yako neno kwa neno, usisome la rafiki yako. Ila mwenye 3.2 kwenye fani iliyojaa watu asijidanganye kwamba 4.4 ya masta itamsemea.

Yule kijana aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa madam hii masta ni bure?" Hapana mwanangu, si bure. Kuna taasisi za utafiti, kuna miradi na mashirika, wao wanataka mtu anayejua kukusanya data, kuichakata na kuandika ripoti inayosomeka, na tasnifu yake ilikuwa nzuri kwelikweli, niliisoma kurasa kama ishirini palepale. Kuna vyuo vya kati chini ya NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, navyo vina muundo wao wa watumishi, masharti si lazima yafanane na ya vyuo vikuu. Tulichofanya siku ile tuliacha barua ya uhadhiri tukaanza kuandika sivii upya, tasnifu na kazi aliyofanya uwandani vikakaa ukurasa wa kwanza. Lakini angekuja miaka miwili nyuma ningemwambia kama lengo ni uhadhiri tu kiwanja kibaki, na kama lengo ni utafiti basi achague masta yenye takwimu nzito zaidi ya ile.

Kwa hiyo mnaosoma digrii ya kwanza sasa hivi, hii ndo sehemu nawaomba msome mara mbili. Dirisha la kurekebisha GPA liko wazi kabla hujamaliza, likifungwa limefungwa. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, kila moja inazidishwa kwa krediti za kozi, yani uzito wake, alafu jumla inagawanywa kwa krediti zote. Chukua kalkuleta. Tuseme kozi yako ni miaka mitatu yenye krediti zinazolingana na miaka miwili ya mwanzo una wastani wa 3.6, ili umalize na 3.8 mwaka wa mwisho unatakiwa upate 4.2. Ni kazi ila inafanyika, nimeona watu wakiifanya. Ukiwa na 3.3 unahitaji 4.8, yani karibu A tupu mwaka mzima, hapo tuanze kuongea njia nyingine mapema. Hesabu hii ni ya dakika tano na sijui kwa nini haifundishwi wiki ya kwanza ya mwaka wa pili. Na uzito uuweke kwenye kozi za krediti nyingi, mtu anakesha na kozi ya krediti 8 wakati ya krediti 12 anaipata C, hiyo inaniuma kuliko kitu kingine.

Upande wa pili wa imani hiyohiyo ni wale wanaosema "nina lower second, masta haiwezekani". Inawezekana. Lower second ni kuanzia 2.7 mpaka 3.4 na kozi nyingi sana za masta zinakupokea hapo. Hata mwenye pasi ya 2.0 mpaka 2.6 vyuo vingi vina mlango wa stashahada ya uzamili kwanza. Kwa hiyo kuingia si tatizo kubwa, tatizo ni kuingia ukiwa na matarajio ya kitu ambacho masta haitakupa.

Haya, tuendelee na mengine, haya nitayapitia haraka.

"Nikiwa na masta serikalini nitaanza na mshahara mkubwa." Kada nyingi za utumishi wa umma unaingilia daraja la kuanzia, na daraja la kuanzia linataka digrii ya kwanza. Ukiomba nafasi ya Afisa daraja la II ukiwa na masta utalipwa kama Afisa daraja la II, sawa na mwenzako mwenye digrii moja anayekaa meza ya pili. Na ulioko kazini tayari usidhani kurudi na cheti ndo kupandishwa, kuna ikama, yani idadi ya nafasi zilizoruhusiwa, kuna bajeti, kuna utendaji wako kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi. Na ukisoma fani tofauti na kada yako hapo ndo unaanza safari nyingine ya kubadilishiwa kada ambayo inategemea kama nafasi ipo kwa mwajiri wako. Muulize afisa utumishi KABLA ya kulipa ada, tena uliza kwa maandishi.

Halafu msiondoke kazini bila ruhusa ya masomo mkononi. Kuna mtu anapata udahili, anaaga wenzake kwa mdomo, anapanda basi. Siku 5 za kutokuwepo kazini bila ruhusa zinatosha kukufungulia mashtaka ya nidhamu na unaweza kufukuzwa kazi, sheria haitauliza ulikuwa darasani au ulikuwa shambani.

"Nasoma masta huku nasubiri ajira." Hili nalielewa kwa sababu kukaa nyumbani kunaumiza, wazazi wanakuangalia, majirani wanauliza. Ila masta uliyoisoma ili kupoteza muda inaonekana kwenye intavyuu. Nikikuuliza kwa nini umechagua kozi hii ukaniambia "niliona ni nzuri", umenijibu tayari. Kama una mwaka mmoja mtupu mbele yako mi nakushauri utafute kazi ya kujitolea au ya mkataba mfupi kwenye fani yako, hata posho ikiwa ya nauli tu, na hapa naomba niunganishe na dhana inayofuata.

"Skolashipu ni za watu wenye first class na wanaotoka chuo moja kwa moja." Si kweli kabisa. Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo ni kama miaka 2, na ukimaliza unarudi nyumbani kukaa angalau miaka 2. DAAD ya Ujerumani kwenye kozi zake za maendeleo zile za EPOS inataka angalau miaka 2 ya kazi, na kwa kawaida digrii yako ya mwisho isiwe imezidi miaka 6. Ona sasa, aliyetoka chuo jana hana sifa, na aliyekaa miaka kumi akisema "ntaomba mwakani" naye DAAD imempita, kwa hiyo kuna kipindi katikati pale, mwaka wa pili mpaka wa tano hivi baada ya kuhitimu, ambacho ndo chako. Na huo mwaka wa kujitolea kama una mkataba na barua unahesabika Chevening, kwa hiyo chukua barua siku unayoondoka usisubiri mpaka ofisi ihame au bosi abadilike.

"Masta ya nje ni masta, nikirudi watanipokea." Watakupokea nyumbani kwa pilau. Kwenye ajira ya umma cheti cha nje kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, na tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira limeandika hivyo. Chuo unachokipenda huko nje, na hasa hizi kozi za mtandaoni zinazokupigia simu zenyewe na kukupa punguzo la ada ukilipa leo, hakikisha kwanza kinatambuliwa na mamlaka za nchi yake, alafu waulize TCU. Baada ya kulipa ni kuchelewa.

"Mimi ni mhasibu, nikichukua masta CPA haina haja." Hapa huwa nashindwa kuvumilia. Masta ni ya chuo, CPA(T) ni cheti cha taaluma cha NBAA, bodi ya wahasibu, hivi ni vitu viwili na kimoja hakikai mahali pa kingine. Ukiwa na digrii ya uhasibu ngazi ya foundation unasamehewa, unaanzia intermediate, mitihani ipo Mei na Novemba, unaweza kusoma huku unafanya kazi. Kama una hela ya kimoja tu na unataka kupanda kwenye uhasibu, anza na CPA. Daktari yeye ni tofauti kabisa, bila MMed, yani masta ya udaktari, au sifa inayolingana nayo huwezi kuitwa bingwa, kwa hiyo kwake masta ndo mlango wenyewe na hakuna cha kujadili zaidi ya fani gani na lini. Ndo maana nawaambia watu msinakiliane maamuzi, dada yako daktari karudi shule na kafanya sawa, wewe mhasibu ukimfuata unaweza kuwa umekosea.

"Nina miaka 38, nimechelewa." Kusoma hujachelewa. Kilicho na umri ni ajira mpya serikalini, matangazo yanataka usizidi miaka 45 kama hauko tayari kazini serikalini, kwa hiyo piga hesabu utamaliza ukiwa na miaka mingapi. Na kama una deni la bodi ya mikopo, likianza kukatwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, iweke hiyo kwenye hesabu kabla ya kuingia mkopo mwingine wa benki kwa ajili ya ada.

La mwisho ni "masta ni miaka miwili". Miaka miwili ni ile ya kwenye brosha. Darasani mtu anamaliza vizuri tu, kozi zote, alafu anafika kwenye tasnifu anakwama mwaka wa tatu, wa nne, supavaiza hapatikani, kichwa cha utafiti kimebadilishwa mara tatu, kazini wamemwita, ada ya kuendelea inadaiwa. Na bila tasnifu hakuna cheti, na bila cheti usifikiri utapeleka statement of results kwenye ajira ya serikali, hizo hawapokei.

Ushauri wangu kwa hili haujabadilika miaka yote niliyokaa hapa. Usianze na chuo, anza na swali la utafiti na mtu wa kukusimamia. Kabla hujajaza fomu yoyote ingia kwenye idara, tafuta nani anafanya utafiti unaokuvutia, soma kazi zake mbili, mwandikie ukurasa mmoja, nenda ukamwone. Muulize wanafunzi wake wa mwisho watatu walimaliza kwa muda gani, na ukiweza watafute hao wanafunzi wenyewe uwaulize anajibu barua pepe au hajibu. Nimewaona watu wakichagua kozi kwa sababu ya jina la chuo na wakakaa miaka mitano, na nimewaona waliochagua supavaiza kwanza wakamaliza kwa miezi ishirini na mbili wakiwa na kazi na watoto.

Yule kijana wa bahasha keshokutwa anarudi na sivii mpya. Nimemwambia aje na ile tasnifu pia, na transkripti zote mbili, na ya digrii ya kwanza asiikunje.