Lenzi ya Jicho la Samaki Haina Kasoro ya Kurekebishwa

Kwa mara nyingine tena nimeletewa picha iliyopigwa kwa lenzi ya jicho la samaki (fisheye), ile pana mno inayoona takriban nyuzi 180, kuta zake zikiwa zimepinda kama ilivyotarajiwa, na nikaulizwa ni programu ipi inayofaa kuondoa "kasoro" hiyo. Swali hili wanaojifunza huliuliza kabla hawajaizoea lenzi yenyewe, na jibu langu ni lilelile: hakuna kasoro. Lenzi hiyo ilibuniwa ipinde mistari, na isingeipinda isingeweza kuonyesha kile inachoonyesha.

Hesabu yake ni fupi. Lenzi pana ya kawaida, ile inayoacha mistari iliyonyooka ibaki imenyooka, huweka kila nukta mbali na kitovu cha fremu kwa kadiri ya tanjenti ya pembe ambayo mwanga umeingilia. Kadiri pembe inavyokaribia nyuzi 90, tanjenti yake hukua bila kikomo, kwa hiyo lenzi ya namna hiyo ingehitaji kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) kisicho na mwisho ili ionyeshe nyuzi 180. Mwaka 1906 mwanafizikia wa Marekani Robert W. Wood alieleza jinsi anayetazama juu kutoka ndani ya maji, kama samaki, anavyoona yote yaliyo juu ya maji yakiwa yamekusanywa katika duara la takriban nyuzi 97. Na mwaka 1924 Robin Hill wa Uingereza akachapisha maelezo ya lenzi ya kupiga picha ya anga nzima, mawingu na yote, katika fremu moja. Hakuna kati yao aliyekuwa akihangaikia kuta za sebule.

Kinachoniudhi zaidi ni imani iliyojificha nyuma ya swali, kwamba lenzi inayonyoosha mistari husema kweli na hii nyingine hudanganya. Weka mpira nyuzi 57 kutoka kitovuni, yaani kwenye kona kabisa ya picha ya lenzi pana yenye urefu wa fokasi wa milimita 14 kwenye kihisi cha milimita 24 kwa 36. Lenzi hiyo itauvuta mpira kuelekea nje hadi urefu wake ufikie karibu mara 1.8 ya upana wake, ilhali lenzi ya jicho la samaki inayohifadhi uwiano wa maeneo itaubana mpira huohuo, kwenye pembe hiyohiyo, kwa uwiano wa takriban 1.3 tu. Ndiyo maana katika picha za kundi anayesimama pembeni hutoka na kichwa kilichorefuka na mabega yasiyo yake, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa ukuta ulio nyuma yake umenyooka! Sisemi kwamba lenzi ya jicho la samaki haina gharama; ukifika nyuzi 90, mbano wake nao hufikia mara mbili. Ni tatizo lilelile la ramani ya dunia: ile ya Mercator huhifadhi pembe na kuifanya Greenland ionekane ikikaribiana na Afrika, ambayo kwa kweli ni kubwa kuliko Greenland karibu mara 14. Tufe halilali bapa bila kitu kuharibika, na mpiga picha huchagua tu kiharibike nini.

Ukiinyoosha picha hiyo kwa programu, unazivuta kona, ambazo maelezo yake yalikuwa yamebanwa tayari, kisha unakata kingo, na mkononi unabaki na picha ya lenzi pana isiyo kali. Ungenunua lenzi pana.

Aina za lenzi ya jicho la samaki ni mbili: ile ya duara, inayotoa picha ya mviringo ndani ya fremu, kwa kawaida milimita 8 kwenye kihisi nilichotaja, na ile inayojaza fremu, milimita 15 au 16, ambayo hufikisha nyuzi 180 kutoka kona hadi kona tu. Vichujio vya kufunga mbele visahau, kwa sababu kioo kimetokeza. Fokasi haisumbui: kwa milimita 15 na tundu la f/8, ukifokasi kwenye mita moja hivi, karibu kila kitu kuanzia nusu mita huwa kikali. Angalia miguu yako na kivuli chako visiingie kwenye picha.

Mstari wowote unaopita kitovuni hubaki umenyooka. Upeo wa macho ukiupandisha juu ya kitovu hubinuka kwenda juu, ukiushusha hubonyea kwenda chini. Vitabu husisitiza uupitishe katikati daima, na hapo nina mashaka, kwa sababu picha nyingi zinazotii kanuni hiyo huishia kuwa nusu anga tupu na nusu ardhi tupu, zikiwa sahihi na zisizo na la kusema. Afadhali upeo uliopinda na kitu chenye uzito kilichosogelewa kwa hatua moja.

Kuhusu sura za watu, pua kubwa huletwa na ukaribu, wala si kupinda kwa mistari. Lenzi yoyote ikisogezwa hapo itaikuza vivyo hivyo, na hakuna programu ya kunyoosha itakayoirudisha. Rudi nyuma. Tatizo ni kwamba ukirudi nyuma hatua mbili tu kwa lenzi hii mtu huyo huwa mdogo mno, na kwa sababu hiyo bado sijashawishika kwamba inafaa kwa picha za sura, ingawa wapo wanaoitumia hivyo na kazi zao ninazipenda.