Sparingi ni darasa: nguvu ya ngumi ipangwe kabla ya kengele

Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lililopangwa kufanyika Kinshasa tarehe 25 Septemba 1974 lilisogezwa hadi 30 Oktoba, kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini. Kilichomchana ni kiwiko cha mwenzake wa sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzio ulingoni, Bill McMurray. Jeraha lile lilionekana, likatibiwa, likapona. Sisi wa tiba ya michezo tunahofia zaidi lile lisiloonekana.

Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika kuhusu mabondia wanaotembea kwa kuyumba na kuzungumza kwa ulimi mzito kama walevi. Aliwataja pia mabondia wa daraja la chini wanaotumiwa kuwafanyisha wenzao mazoezi, ambao huweza kuangushwa mara kadhaa kwa siku. Karibu miaka mia imepita, na bado zipo klabu zinazompokea kijana mgeni kwa kumtia ulingoni na mzoefu, ati aonekane kama ana moyo. Desturi hiyo ife. Anayepigwa kwa hofu hufumba macho na kugeuza uso, na mtu aliyefumba macho hajifunzi kukwepa.

Sparingi nzuri huanza kwa makubaliano. Raundi ya kwanza, mmoja apige jebu tu, ngumi ya haraka ya moja kwa moja kwa mkono wa mbele, huku mwingine akijilinda na kusogea, kisha wabadilishane. Baadaye waruhusiwe ngumi za mwilini pekee. Zoezi hili silichoki kulipendekeza: humlazimisha bondia kuingia karibu kwa miguu badala ya kunyoosha shingo, humfunza kurudisha mkono shavuni kila baada ya kupiga, na kichwa hakiguswi. Raundi ya wazi, kichwa na mwili, ije mwishoni, tena kwa ngumi zinazogusa bila kugandamiza. Kasi inaweza kuwa kubwa. Nguvu ndiyo ipungue.

Mwenye uzito au uzoefu zaidi ndiye anayejishusha. Ngumi ikimpata mwenzio kwa nguvu kuliko ulivyokusudia, rudi nyuma, mwombe radhi, mwache apumue, usimfuatilie. Na wewe uliyepigwa, usilipize. Sparingi huharibika hivyo: konde moja zito hujibiwa kwa zito zaidi, na kufikia dakika ya pili wote wamesahau walichopanga. Hapo ni kazi ya kocha kusimamisha. Kocha aliyeshika simu asigonge kengele. Kinga ya meno ikidondoka, kamba ya glovu ikifunguka au mmoja akigeuka mgongo, simameni papo hapo.

Vifaa havina maneno mengi: bandeji mikononi, kinga ya meno, kinga ya sehemu za siri, na glovu za aunsi 16, takriban gramu 450, zisizotumika kupigia begi la mazoezi. Lakini kofia ya kinga inaeleweka vibaya. Inapunguza kuchanika na kuvimba. Haiuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu kichwa kinapogeuzwa ghafla. Wanaume walipigana bila kofia hizo katika Olimpiki ya Rio 2016. Mazoezini ivaliwe, ila asiwepo wa kusema, “Piga tu, amevaa kofia.”

Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hutokea bila mtu kuzimia. Anaweza kulalamika kichwa kinauma, mwanga unamkera, au akauliza swali lilelile mara mbili. Huyo amemaliza mazoezi siku hiyo, hata akisema yuko sawa, na asiachwe peke yake usiku huo. Akitapika tena na tena, maumivu yakizidi, mboni za macho zikitofautiana, akipata degedege, akilegea upande mmoja au akiwa mgumu kuamka, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Asimeze aspirini, kwani inaweza kuongeza uvujaji wa damu. Akirudi mazoezini, aanze na mwendo na kuruka kamba, kisha begi. Sparingi iwe ya mwisho, baada ya dalili zote kuisha na daktari kuridhika. Aliyepigwa KO ya kichwa, yaani aliyeangushwa kwa ngumi ya kichwa akashindwa kuendelea, akae nje ya sparingi siku zisizopungua 30.

Kocha aandike tarehe ya kila tukio la namna hii kwenye daftari la klabu, na bondia akihamia kwa kocha mwingine aondoke na nakala.