Turubaini, kila mtu hakimu

Msiba wa ajali hapa Moshi haukosi mtu wa kunong'ona, "Malipo ni hapa hapa duniani." Mwaka juzi nilikaa turubaini sahani mkononi, nikasikia marehemu akihukumiwa: aligombea mpaka wa kihamba (shamba la ukoo) na mdogo wake, fuso likamgonga, kwa hiyo Mungu ameamua kesi.

Dhana hiyo, kwamba anayepatwa na baya amehukumiwa, maandiko yenyewe yanaikataa. Rafiki zake Ayubu waliihubiri kurasa nyingi, na mwishoni ni wao waliokemewa. Yesu aliletewa habari za namna hiyo, akawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Paulo kisiwani Malta. Nyoka alipomng'ata, watu wakasema huyu ni muuaji. Walipoona havimbi wala hafi, wakasema ni mungu. Hukumu mbili kwa nyoka mmoja, na zote si kweli!

Dhana nyingine huja kwa kugeuza: tunataka mahakama ione kama Mungu. Korti ikimwachia mtu tunasema ama ni msafi kabisa, ama amehonga. Waulize Arusha, ambako Mahakama ya Kimataifa ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifanya kazi hadi ilipofungwa Desemba 31, 2015. Ilishitaki watu 93, 14 waliachiwa. Kuachiwa kuna maana moja tu: ushahidi haukutosha kuondoa shaka. Lakini baadhi yao walikaa Arusha miaka mingi kwa sababu hakuna nchi iliyotaka kuwapokea. Huru kwa karatasi, na dunia ikawa bado inawahukumu.

Mtume Muhammad naye alikuwa hakimu, na hakudai kuona yaliyofichika. Aliwaambia watu kuwa yeye ni binadamu, huamua kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa hodari wa maneno kuliko mwenzake. Basi atakayepewa haki ya nduguye ajue amepewa kipande cha moto. Yaani hata ukishinda kesi, deni lako linaweza kuwa palepale.

Kuna na wale wa "msihukumu", hasa ukiwauliza hela ya kikundi imeenda wapi. Wasome mistari michache mbele: toa kwanza boriti jichoni mwako, ndipo utaona vema kutoa kibanzi cha ndugu yako. Kibanzi bado kinatolewa.

Nirudi kihambani. Miezi kadhaa baada ya maziko, wazee walikwenda kufyeka kichaka kati ya viwanja vile viwili. Chini ya migomba wakakuta masale, mimea ya kuwekea mpaka, mstari wa zamani, pale pale marehemu alipokuwa akisema siku zote.