Hadithi haianzi na dhamira

Katika warsha za uandishi ninazoendesha, nikimuuliza mtu anataka kuandika nini, jibu huwa "usaliti", "upweke", "mapenzi". Hizo ni dhamira. Mhakiki huziona hadithi ikishakwisha. Mtunzi akianzia hapo, wahusika wake huishia kuhutubia, maana wameitwa kuja kuthibitisha jambo lililokwisha kuamuliwa.

Mimi natafuta kitu kidogo chenye pande mbili zisizopatana. Daftarini mwangu mna sentensi hii: mwanamke anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Basi, hakuna zaidi. Kwa nini abishe? Amesahau ufunguo: hilo tupa, kwani mlango ukifunguliwa mambo yamekwisha. Anaogopa kumfumania mumewe: inawezekana, ila hiyo tumeisoma mno. Amerudi baada ya miaka mingi na hana hakika kama hapo bado ni kwake? Sasa kuna kitu. Nani atafungua? Akifungua mtoto asiyemfahamu, akauliza "Unamtaka nani?", atamjibu nini? Hapo nina mhusika, nina mgogoro, nina hata mazungumzo ya kwanza, na bado sijui hadithi inahusu nini. Sina haraka ya kujua.

Jibu la kwanza linalokujia karibu kila mara limemjia na mwenzako. Livuke.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kujua pa kuacha kukusanya. Desemba 1893, mwandishi wa riwaya Henry James akiwa kwenye chakula cha jioni alisikia habari za mama aliyegombana na mwanawe wa pekee kuhusu samani za thamani, baada ya baba kufariki na nyumba kumwangukia kijana. Miaka kadhaa baadaye aliitoa riwaya yake, *The Spoils of Poynton*, na katika dibaji aliyoiandikia baadaye akaeleza kwamba maneno machache ya mwanzo yalimtosha. Msimulizi alipoendelea na yaliyotokea kweli, James aliona maisha yenyewe yakiivuruga hadithi. Ukiokota kisa gazetini au kwa jamaa, chukua mistari miwili uondoke. Ukisikiliza mpaka mwisho utajikuta mwandishi wa habari, tena wa habari za watu wanaokujua, na hilo lina kesi zake.

Siku ambayo hakuna chochote, jiwekee sharti. Mwandishi Mfaransa Georges Perec alitoa mwaka 1969 riwaya nzima isiyo na herufi "e", ambayo ndiyo hutumika zaidi katika Kifaransa. Anayetunga kwa vina na mizani hahitaji kushawishiwa: kina kikilikataa neno ulilolipenda, unalazimika kutafuta jingine, na hilo jingine hukuletea picha ambayo hukuipanga. Kwenye nathari jaribu hivi: watu wawili wanagombana, na hakuna anayeruhusiwa kukitaja wanachogombania. Au barua ya kuacha kazi ambayo msomaji ataona kuwa ni ya mapenzi, ingawa mwandikaji wake hajui.

Orodha za vianzio vya hadithi zinazosambaa mtandaoni sizichukii, zinafaa kunyoosha mkono kabla ya kuandika. Tatizo lake ni kwamba mara nyingi hukupa tukio kubwa (dunia imekwisha, umeamka huna kumbukumbu) bila mtu wa kulibeba.

Na daftari usilijaze mawazo. Ukiandika "uzee", baada ya mwezi utalikuta neno limekauka. Andika mzee anayehesabu chenji mara tatu na bado haondoki kaunta, huku foleni nyuma yake ikianza kuguna. Usiweke maelezo ya kwa nini. Kisha liache daftari muda, na kabla hujalifungua tena jiulize unakumbuka nini kilichomo. Hicho kilichobaki kichwani bila kusomwa ndicho ninachoanza nacho, hata kama pembeni yake kuna maandishi yaliyopangika vizuri zaidi.