Lile kaunta buku la kijiji ndio linaloamua mto wenu utakauka au hautakauka

Ndugu zangu wa vijiji vya milimani, hasa nyie wa miteremko ya milima ya Uluguru kule Morogoro, Kinole, Mkuyuni, Tawa, Matombo, Kibungo Juu na hata wa Mgeta upande wa pili wa mlima, leo naomba tuongee kuhusu daftari. Ndio, daftari, lile kaunta buku lenye jalada gumu ambalo mtendaji wa kijiji anaandikia muhtasari wa mikutano. Kazi yangu mimi ni mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, nimekaa kwenye ofisi za vijiji nyingi mno, na nikifika kitu cha kwanza ninachoomba sio ramani, naomba hilo daftari, nalifungua kuanzia kurasa za mwisho narudi nyuma taratibu, na mara nyingi kabla chai haijaletwa nishajua mto wa kijiji hicho una mwenyewe au hauna.

Naeleza kwanini nasema hivyo.

Watu wengi wakisikia kijiji wanaona mahali tu, nyumba, mashamba, shule ya msingi, zahanati kama ipo. Kisheria kijiji ni serikali. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inakipa halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 mpaka 25, kuna kamati zake za fedha na mipango, za huduma za jamii, za ulinzi na usalama, na juu ya wote hao kuna mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Sio wazee wa ukoo peke yao, sio wanaume peke yao. Mwenyekiti mnamchagua wenyewe kila baada ya miaka 5, mara ya mwisho ilikuwa 27 Novemba 2024, mtendaji yeye ni mwajiriwa. Nchi nzima tuna vijiji zaidi ya 12,300 na vitongoji zaidi ya 64,000, na kijiji kidogo kule juu ambako masika bodaboda haipandi kina mamlaka yale yale kama kijiji cha barabarani chenye stendi na gulio. Hili huwa nalirudia kila mkutano kwasababu vijiji vya juu vimezoea kujiona vimesahaulika, wanasubiri wilaya ije iamue, wakati sheria imeshawapa wao kuamua.

Sasa kijiji cha mlimani kina jambo lake ambalo cha tambarare hakina. Shamba lako likiwa kwenye mteremko, unachokifanya leo jirani yako wa chini anakipokea kesho. Mvua ikinyesha kwenye msitu inapiga majani kwanza, halafu inadondoka kwenye matandazo ya majani makavu, inazama taratibu kwenye udongo kufuata mizizi, na yale maji yaliyozama ndio yanayotoka kwenye chemchemi mwezi wa tisa wakati hakuna hata wingu. Ukifyeka na kuchoma moto mteremko ule ule, mvua ile ile inapiga udongo mtupu, udongo unajifunga juu, maji hayazami tena, yanakimbia na udongo wenu, mto unakuwa rangi ya chai ya maziwa kwa siku mbili halafu unashuka. Mvua ni ile ile, kipimo ni kile kile, lakini mmepata mafuriko na ukame kutoka kwenye wingu moja. Kwahiyo mkiona kijito kinajaa ghafla kuliko zamani na pia kinakauka mapema kuliko zamani, msidhani ni mambo mawili tofauti, ni tatizo moja na linaanzia juu kwenye mteremko.

Na huko chini wanaopokea sio jirani tu. Uluguru upande wa mashariki ndio unaokutana na upepo wa Bahari ya Hindi ukiwa na mvua zake, na mito midogo ya huko, Mfizigo na mingine, inaingia Ruvu. Ruvu ndio inayonywesha Dar es Salaam, mtambo wa Ruvu Juu umejengwa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini lita milioni 270. Mwaka 2022 mwezi wa kumi mto ulipopungua, jiji zima likaingia kwenye mgao wa maji. Mimi huwa nawaambia wanakijiji hivi, yule anayelala saa nane usiku akisubiri maji ya bomba Dar, maji yake yamepita kwanza pembeni ya migomba yenu.

Kwa upande wa hatari wala sina haja ya kwenda mbali. Tarehe 3 Desemba 2023 kule Hanang mvua kubwa zilifanya sehemu ya mlima iporomoke, tope na mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Usiku mmoja kuamkia asubuhi. Mimi kila nikipanda mlima kwenye kijiji kipya naangalia nyumba zimekaa wapi kwenye mkondo, na naumia nikikuta darasa au zahanati imewekwa kwenye kile kipande tambarare kidogo kilicho mdomoni mwa korongo, kwasababu kile kipande kimekuwa tambarare hapo kwa sababu moja tu, tope la zamani lilishuka likatulia pale. Wazee huwa wanajua. Ukiwauliza wanakwambia "pale babu zetu hawakujenga", lakini hakuna aliyewauliza wakati wa kutafuta eneo la ujenzi, na hilo nalo lilipaswa kuwa ajenda ya mkutano mkuu.

Turudi kwenye kuamua. Kuna historia ambayo kila afisa anayekuja Uluguru anapaswa kuijua kabla hajafungua mdomo. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi udongo, ikalazimisha watu kuchimba matuta makubwa ya ngazi kwenye mashamba yao. Lengo huwezi kulikataa, udongo ulikuwa kweli unaondoka. Lakini udongo wenye rutuba kwenye ile miteremko ni mwembamba, ukichimba tuta kubwa unaufukia ule mzuri na kuleta juu ule usio na kitu, mahindi yanatoka ya njano, halafu kazi yenyewe ni ya kuua mgongo na hakuna aliyekuuliza. Mwaka 1955 Matombo kukawa na vurugu na mpango ukaachwa. Wakati huo huo Waluguru wenyewe walikuwa na ngazi zao ndogo, unapalilia, majani unayalaza kwa mstari kukatiza mteremko, unayafunika na udongo, msimu ujao yameoza yamekuwa mbolea na yamezuia udongo. Yaani utaalamu ulikuwepo shambani na mgeni akapita juu yake. Ndio maana mimi siamini kabisa katazo linaloletwa na gari na kuondoka na gari.

Kinachodumu ni kile mlichokubaliana nyie na kikaandikwa. Na hapa sheria iko upande wenu kweli kweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini tu, anayesimamia mali ya wenzake, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Kwanza, sio baadaye. Mwekezaji akija anataka bonde la kulima mboga au pori la kukata mbao, akakutana na mwenyekiti na wajumbe watatu wakapiga muhuri, huo muhuri peke yake hautoshi. Ndio hapo ninapoanza kufungua kurasa za daftari, natafuta huo mkutano mkuu uliokubali, tarehe, ajenda, majina ya waliohudhuria na saini zao au dole gumba. Kijiji kimoja nilichofanya kazi (sitakitaja) nilikuta ekari nyingi za pembeni ya mto zimeshatolewa, muhtasari upo, mwandiko mzuri, ila orodha ya mahudhurio yote kuanzia jina la kwanza mpaka la mwisho imeandikwa na mkono mmoja na saini zote zimeinamia upande mmoja. Tuliposoma yale majina mbele za watu, mama mmoja akasimama akasema mwanangu, huyo namba kumi na nne ni mimi, na siku hiyo nilikuwa nimelazwa. Mkutano mzima ulikaa kimya. Mgogoro ule ulichukua muda mrefu kuusuluhisha na miti iliyokatwa haikurudi.

Jambo lingine linaloumiza vichwa ni zile mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zozote zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kwenye tambarare mita 60 ni kipande tu. Kwenye bonde jembamba la mlimani mita 60 kulia na mita 60 kushoto inaweza kuwa shamba lote la familia, na ukimwambia mtu aondoke hapo kesho umemwambia asile. Lakini pia siwezi kukuficha, nyanya na kabichi zinazolimwa mpaka kwenye maji na kupigiwa dawa pale pale, hiyo dawa inanywewa chini. Mimi ushauri wangu ni kwamba kijiji kianze na chemchemi na vijito vya juu kabisa ambako maji yanazaliwa, hapo msilegeze hata hatua moja, mwacheni mkuyu na matete na miti ya asili, msipande mikaratusi hapo maana inavuta maji sana, halafu mshuke chini mkizungumza shamba kwa shamba, nani ana eneo lingine, nani hana, nani anapewa kutoka kwenye ardhi ya akiba. Ardhi ya kijiji imegawanywa kwenye matatu, ya jamii, ya watu binafsi na ya akiba, na hiyo ya akiba ipo kwa ajili ya kesho kama hizi. Ikishagawiwa yote kwa shangwe mwaka mmoja, hamna tena pa kumhamishia mtu.

Pia kuna mfano wa karibu kwamba wa chini anaweza kumlipa wa juu. Kibungo Juu uliwahi kufanyika mradi wa mashirika ya CARE na WWF ambapo wanunuzi wa maji huko chini, ikiwemo DAWASCO (shirika la maji la Dar la wakati huo) na Coca-Cola, walichangia malipo kwa wakulima wa milimani waliochimba fanya juu (mitaro ya kukatiza mteremko, udongo wake unatupwa upande wa juu) na kupanda miti kwenye mashamba yao. Mimi naona ule ndio mwelekeo wa haki, mtu anayeacha kulima kipande chake ili jiji linywe maji asiachwe na pongezi tu.

Kuhusu mipaka nitasema kidogo maana hapa ndipo kijiji kinapogombana na kijiji. Vijiji vingi vya milimani mpaka wao ni mto, inaonekana rahisi, ila mto unahama. Masika moja kubwa tu na mkondo umekata kona mpya, kipande cha migomba kilichokuwa ng'ambo hii kiko ng'ambo ile, na kila upande unasema mpaka ni mto. Tukienda kupima tunatembea na wazee wa vijiji vyote viwili kwa miguu, siku nzima, unasikia mmoja anasema mpaka ulikuwa kwenye mkuyu mwenzake anasema mkuyu upi, huo ulipandwa juzi, mpaka wakubaliane ndio tunachukua vipimo vya GPS na kuweka bikoni, yaani alama za mpaka. Andikeni vipimo, msiandike neno "mto" peke yake. Na mkiwa mnatengeneza mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007, kaeni na kijiji cha ng'ambo mpange bonde pamoja, inaruhusiwa, kwasababu kijiji kimoja kikitenga ukingo wake na mwenzake akalima mpaka majini ni kama mmefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Kwa Waluguru ardhi ya ukoo inakwenda upande wa mama. Sasa zoezi la hatimiliki za kimila likija, fomu inajazwa haraka, linaandikwa jina la baba peke yake kwasababu ndiye aliyekuwepo siku ile, na shamba la ukoo wa mke linahamia upande mwingine kwa kalamu moja. Mama zangu, siku ya kujaza fomu nendeni wenyewe, msome jina, na kama ni la wote wawili yaandikwe majina yote mawili. Mkikosea kuna baraza la ardhi la kijiji, wajumbe 7 na 3 kati yao lazima wawe wanawake, kazi yao ni kusuluhisha.

Mkutano mkuu unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi 3. Kama kwenu umepita mwaka haujaitishwa, msiishie kulalamika kilabuni, andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa halmashauri, watu kadhaa wasaini, bakini na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Mkutano ukiitwa, ombeni muhtasari uliopita usomwe wote kwa sauti pamoja na orodha ya mahudhurio kabla ya kuuthibitisha, hata kama mvua inakaribia na watu wanataka kuondoka. Sheria ndogo ya kulinda chanzo cha maji inaanza pale pale, halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unapitisha, halafu inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, na huko ndiko nyingi zinakokwama kwasababu hakuna anayefuatilia. Chagueni watu wawili, mmoja wa kitongoji cha juu na mmoja wa cha chini, wapeni nauli, waende wilayani kuulizia faili lipo meza ya nani.