Vioo vya pembeni, kamera na sensa za kuegesha: lawama nyingi ni za bure

Kitengo chetu cha ukaguzi wa magari kinazidi kupokea malalamiko yanayofanana. Gari lina kamera ya nyuma, lina sensa, lina vioo vya umeme, na bado limegonga nguzo au ukuta likirudi rivasi. Mlalamikaji anataka tuthibitishe kwa maandishi kwamba kifaa ni kibovu. Tukikipima, mara nyingi tunakuta ni kizima. Dereva alikitegemea kwa kazi ambayo hakikutengenezwa kuifanya. Malalamiko mengine yanahusu magari tunayoyakataa kwa sababu ya vioo, na wenyewe huondoka wakiamini wameonewa. Makala hii inawahusu wote.

Namna ya kuweka vioo sawa hatutaieleza, kwa kuwa kila mwenye leseni alifundishwa. Itoshe kusema kwamba ukikaa kwenye kiti ukaona ubavu wa gari lako umejaa nusu ya kioo, umekiweka vibaya. Ubavu huo unaujua. Kisichojulikana ni kile kilicho kando yake.

Kioo cha upande wa abiria, karibu kila mahali, hubinuka kidogo kuelekea nje ili kichukue eneo pana zaidi. Kwa kuwa eneo pana limebanwa ndani ya kioo kidogo, kila kitu huonekana kimepungua, na jicho hudhani kiko mbali. Ndiyo sababu sheria ya Marekani inataka kioo hicho kiandikwe onyo kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana, na inataka kile cha upande wa dereva kiwe bapa. Nchi zinazofuata Kanuni Na. 46 ya Umoja wa Mataifa zinaruhusu vioo vya pande zote mbili vibinuke. Vingine vina mstari mwembamba wa wima, mara nyingi wa vitone, karibu na ukingo wa nje. Tumewahi kuulizwa kama huo ni mkwaruzo wa kiwandani. Mstari unaonyesha pale ambapo kioo kinaanza kubinuka zaidi. Pikipiki ikitokea nje ya mstari, amini kwamba ipo, lakini usikadirie umbali wake.

Balaa huanza kioo kikivunjika au kikiibwa. Mwenye gari anakwenda kwa fundi wa vioo, fundi anachukua vipimo, anakata kipande bapa, anakibandika kwa gundi juu ya kile cha zamani, na kazi imekwisha. Kwa macho, gari limepona. Hebu chukua kioo halisi cha gari la kisasa ukigeuze nyuma: utakuta bamba la plastiki lenye vishikizo, utando mwembamba wa kupasha joto, vinyaya viwili vya umeme wake, na kwenye magari kadhaa taa ndogo ya rangi ya chungwa inayowaka kama kuna gari limejificha ubavuni mwako. Kipande cha dukani hakina hata kimoja kati ya hivyo. Ukungu hautoki tena. Onyo halionekani, ingawa rada iliyo ndani ya bampa la nyuma, ile inayoligundua gari lililo ubavuni, inaendelea na kazi yake kama kawaida. Kile kilichokuwa kikijitia giza ukimulikwa na taa za gari la nyuma usiku, sasa kinakurudishia mwanga wote machoni. Na kwa kuwa kipande ni bapa, eneo linaloonekana limesinyaa bila dereva kuambiwa. Sisi tunakikataa, halafu tunaulizwa, «Mbona kinaonyesha?»

Rada hiyo ya bampani nayo ina maadui wake: puti nene iliyopakwa baada ya kugongwa, stika za mapambo kwenye kona za bampa, na tope lililokauka.

Lipo pia lalamiko la kioo «kinachojishusha chenyewe». Kwenye magari yenye huduma hiyo, ukiingiza rivasi kioo cha abiria huinama kikuonyeshe gurudumu la nyuma na ukingo wa barabara, kisha hurudi mahali pake ukitoa rivasi. Kwa aina nyingi za magari kinachoamua ni swichi ileile ya kuchagua kioo cha kurekebisha: ikiwa imeelekezwa upande, kioo kinashuka, ikiwa katikati, hakishuki. Watu wamelipa mafundi wafungue mlango mzima kutafuta hitilafu, kumbe swichi ilisogezwa na mtu aliyekuwa akifuta dashibodi. Vivyo hivyo joto la kioo kujizima baada ya dakika kadhaa si ubovu, limepangwa hivyo. Kioo cha umeme kilichokunjwa kwa mkono kikaanza kulegea, kifunge na kukifungua kwa swichi mpaka usikie kimejibana. Jaribu hilo kabla ya kununua kingine.

Magari ya juu yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huja na kioo kidogo cha ziada kwenye kona ya mbele au chini ya kioo cha pembeni. Wengi hukiona kinaharibu sura ya gari na kuking'oa. Kanuni za Japani zinataka dereva aweze kuona, mbele tu ya gari na ubavuni upande wa abiria, nguzo yenye urefu wa mita 1 na kipenyo cha sentimita 30. Hivyo ni vipimo vya mtoto mdogo. Ukiking'oa, ujue unamwondoa nani.

Sensa za kuegesha, vile vidude vya duara kwenye bampa, hutoa sauti tusiyoweza kuisikia na kupima mwangwi unaorudi. Za nyuma kwa kawaida huanza kulia kwenye mita moja na nusu hivi. Mlio ukiwa mfululizo, umebakiwa na takriban sentimita 30, na kuanzia hapo mlio ni uleule hata zikibaki 5. Mnyororo, waya, kona kali na kitambaa hurudisha mwangwi hafifu, au hakuna kabisa. Na kuna hili ambalo watu hawalijui: jiwe au kizuizi kifupi huweza kugunduliwa mapema, kisha kadiri unavyosogea kikaingia chini ya upeo wa sensa, na mlio ukakata. Dereva anadhani njia imefunguka, anakanyaga mafuta. Mlio ukikata bila wewe kugeuza usukani, simama ushuke.

Kamera nayo ina mistari ya rangi, na mistari hiyo imechorwa kana kwamba kila kitu kimelala juu ya ardhi tambarare. Tela la lori likiwa limechomoza nyuma ya magurudumu yake, kamera itakuonyesha magurudumu hayo yakiwa mbali na mstari mwekundu huku bodi lake likikaribia kioo chako cha nyuma. Ukirudi kuelekea mwinuko, vitu huonekana viko mbali kuliko vilivyo; kwenye mteremko, kinyume chake. Kamera ya nyuma iliyofungwa baadaye na fundi asiyegeuza picha huleta kulia kushoto. Hiyo iondoe leo. Zile zinazoonyesha gari kana kwamba unalitazama kutoka juu huunganisha picha za kamera nne, mbili zikiwa chini ya vioo vya pembeni, na kwenye maungio ya kona kitu chembamba huweza kupotea kabisa. Ukibadilisha nyumba ya kioo, yaani ganda linalokishika, kamera iliyo chini yake lazima ipimwe upya.

Marekani ililazimisha kamera ya nyuma kwa magari yote mapya madogo kuanzia Mei 2018, ionyeshe eneo la takriban mita 3 kwa 6 nyuma ya gari. Chimbuko lake ni watoto waliokuwa wakigongwa na magari yanayorudi nyuma. Mikwaruzo ya bampa haikuwa hoja. Magari yanayojiegesha, yaliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2003 kwa Toyota Prius, hayo pia hayakumwondolea dereva dhamana. Ya mwanzo yaligeuza usukani tu na kumwachia breki.

Sasa utaratibu wetu. Mkaguzi hukaa kwenye kiti cha dereva, hugeuza kila kioo kwa swichi juu, chini, ndani na nje, hukifunga na kukifungua, kisha hushuka na kuishika nyumba ya kioo kuona kama inacheza. Ufa unaokatiza eneo la kuonea, kioo kilichobandikwa juu ya kingine, au kioo kisichokuwepo: gari linakataliwa. Kifaa kilichotoka na gari kiwandani hukaguliwa kama kinafanya kazi. Ulichofunga mwenyewe hukaguliwa kama kinahatarisha, yaani nyaya zinazoning'inia na skrini inayoziba kioo cha mbele. Fomu ya kukataliwa ina nakala mbili, moja yako. Ukirudi nayo ndani ya muda ulioandikwa, tunakagua kipengele kile tu. Ukichelewa hata siku moja, au ukija bila fomu, ukaguzi unaanza upya na ada inalipwa upya. Mfumo hujifunga wenyewe, hivyo kumgombeza karani wa mapokezi hakusaidii. Fomu hiyo inakuruhusu kwenda kwa fundi na kurudi. Ukikamatwa nayo ukiwa kwenye safari zako nyingine, faini ni ya aliyeshika usukani na cheti cha ukaguzi kinazuiwa kwa mwenye gari, na vyote viwili vinaweza kwenda pamoja.

Anayeamini kwa dhati kwamba kifaa chake kilikuwa kibovu wakati wa kugonga, alilete gari kabla halijaguswa na fundi, sensa zikiwa mahali pake na kioo kilichovunjika kikiwa kwenye mfuko. Bampa likishabadilishwa na kupakwa rangi, hatuna cha kupima.