Bangili ya kioo kutoka Uskoti: ya Mrumi au ya mwenyeji?

Nikisema nafanya uzamivu kuhusu vitu vya enzi ya Warumi, wengi hudhani nachimba Italia. Vitu vyangu vinatoka Uskoti, ukingoni kabisa mwa dola yao, na vingi vilichimbuliwa zamani. Mimi nashinda na droo za ghala la makumbusho, mizani na hadubini.

Ufadhili wangu ni wa mtindo uliozoeleka sana Uingereza. Chuo kikuu na makumbusho huandika mada pamoja, hupata fedha za umma, kisha nafasi hutangazwa kama ajira. Anayechaguliwa hulipiwa ada na kupewa posho ya kujikimu. Siku hizi hata sisi wa nje tunaruhusiwa kuomba, ingawa idadi yetu ina kikomo. Uliza mapema nani atalipa viza na tozo ya afya, maana hapo ndipo wengi hukwama. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mkusanyiko unao tayari. Ubaya wake, mada huja na mawazo ya walioiandika. Yangu ilikuja na mafungu mawili yaliyokwisha kutenganishwa: vitu vya wenyeji huku, vya Warumi kule.

Bangili za kioo hazikubali mgawanyo huo. Zilivaliwa hasa karne ya 1 na ya 2 BK, kaskazini mwa Britania, na tunazipata ndani ya ngome za jeshi na pia katika nyumba za mviringo za wenyeji. Mwanaakiolojia H. E. Kilbride-Jones alizipanga kwa aina mwaka 1938, na mpangilio wake bado tunautumia. Karibu zote hutufikia zikiwa vipande: kijani cha bahari, nyeupe, au buluu iliyozungushiwa nyuzi za rangi nyingine.

Kioo chenyewe kimesafiri mbali. Kioo ghafi cha enzi hiyo kiliyeyushwa Misri na pwani ya Shamu, kwa mchanga na magadi ya Wadi Natrun (ndiyo, magadi, ndugu wa yale ya Ziwa Magadi), kisha mabonge yakasafirishwa hadi kwa mafundi wa magharibi. Ili kuondoa rangi, waliongeza madini ya antimoni au manganizi. Kipande chenye vyote viwili kwa pamoja kwa kawaida ni ushahidi wa vyombo chakavu vilivyokusanywa na kuyeyushwa upya. Ndivyo zilivyo bangili nyingi. Malighafi ya Mrumi, chupa iliyovunjika, umbo lililopendwa kaskazini. Sasa niiweke droo gani?

Ukipita kwenye vigae, yaani vipande vya vyombo vya udongo, mambo yanazidi kunoga. Vyombo vyekundu vinavyong'aa kutoka Gaul (Ufaransa ya leo), viwanda vya La Graufesenque na Lezoux, vinaonekana kwenye makazi ya wenyeji, sambamba na bizimu za nguo na bilauri. Lakini bakuli nzito za kusagia viungo, ambazo askari hakukosa jikoni, ni adimu huko. Watu hawa hawakuwa wakipokea kila kilichoshushwa. Walichukua vya kupamba mwili na vya kukirimu wageni, upishi wakabaki nao wao. Hata kigae kilichovunjika walikikata na kukitoboa kiwe uzito wa kijiti cha kusokotea uzi.

Msomaji wa pwani yetu anaijua hadithi hii kwa upande wa pili. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani, vyombo vya China na Uajemi vilibeba uzito mkubwa katika hoja kwamba miji ilianzishwa na wageni, ilhali vigae vya kuagizwa ni asilimia chache tu ya vyote. Vilivyobaki ni vyungu vya kufinyangwa papo hapo. Ilibidi kizazi cha wanaakiolojia kina Felix Chami na George Abungu kuvipa vyungu hivyo nafasi yake. Nakiri kwamba jicho langu limenolewa na mjadala huo kuliko na vitabu vya Roma.

Fedha nayo ina ubishi wake. Birnie, kaskazini mashariki, yalipatikana mafungu mawili ya dinari za fedha mwaka 2000 na 2001, mbali na ngome yoyote. Mwanahistoria Cassius Dio anaandika kwamba gavana Virius Lupus alinunua amani kwa Wamaeatae, watu wa kaskazini mwa Britania, kwa fedha nyingi, kwa hiyo sarafu kama hizo tunazisoma kama malipo kwa wakubwa wa huko. Traprain Law, kilima cha East Lothian, palifukuliwa mwaka 1919 zaidi ya kilo 20 za vyombo vya fedha vya Kirumi vilivyokatwakatwa. Kwa miaka mingi viliitwa ngawira ya washenzi. Watafiti wa karibuni wamepima vipande na kuona vingi vinafuata mizani ya Kirumi yenyewe. Waliokata huenda walikuwa Warumi, wakilipa kwa uzito.

Kwa hiyo jedwali langu halina safu ya "Mrumi/mwenyeji". Lina safu za malighafi, mahali kitu kilipopatikana, alama za kuchakaa na dalili za kutengenezwa upya. Msimamizi wangu mmoja bado analalamika kwamba jedwali ni refu mno.